Barua kwa Mhariri: Kichocheo hakili moshi, na kompyuta haiyeyushi shaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nisahihishe mambo kadhaa yaliyoandikwa katika gazeti lako wiki mbili zilizopita, kwenye makala iliyobeba kichwa cha habari kwamba kompyuta sasa inageuza moshi kuwa mafuta. Makala hiyo ilisomwa kwa sauti kwenye kibanda cha kahawa hapa Ujiji, ikazua ubishi uliodumu hadi magazeti ya siku ya pili yalipoletwa, na kwa kuwa nilifundisha kemia katika shule za sekondari za mkoa huu wa Kigoma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, wazee wenzangu walinitaka nitoe hukumu. Hukumu yangu ni kwamba jambo lenyewe ni la kweli, tena ni kubwa, lakini namna lilivyosimuliwa inampeleka msomaji kusiko. Barua yangu ni ndefu kuliko desturi ya safu hii, nami naomba radhi mapema.

Naanza na lile la hatari, kwa sababu haliwezi kungoja zamu yake. Mwandishi wako aliieleza methanoli, ambayo ni mojawapo ya kemikali zinazoweza kutengenezwa kutokana na hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, kuwa ni "aina ya spiriti". Methanoli si ya kunywa kwa kipimo chochote kile. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo huharibu neva za macho. Vijiko vichache tu vinatosha kumpofusha mtu mzima, na vikizidi kidogo vinaua. Katika nchi ambayo tumekwisha kuzika watu waliokunywa pombe iliyotiwa vitu visivyojulikana, neno "spiriti" likiachwa peke yake bila onyo ni mwaliko. Naomba sahihisho hilo lichapwe hata kama mengine yote ninayoyaandika hapa yatakosa nafasi.

Kosa la pili ni la maneno tu, lakini ndilo lililozaa mengine. Makala ilisema kwamba kichocheo cha aloi, yaani cha metali zilizochanganywa, "kinakula hewa ukaa na kutema mafuta". Kichocheo hakili. Nilipokuwa nafundisha, tulikuwa tukiokota betri za tochi zilizotupwa ufukweni, tunazipasua kwa kisu na kutoa ule unga mweusi unaokizunguka kijiti cha kaboni. Unga huo kwa sehemu kubwa ni manganizi dayoksaidi. Tuliuosha kwa maji mara kadhaa ili chumvi zake zitoke, tukauanika juani kwenye kifuniko cha sufuria, kisha tukapima gramu 2 na kuzitia ndani ya chupa yenye haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa. Dawa ilifoka povu hadi shingoni mwa chupa. Mwanafunzi alipoingiza kijiti kilichozimwa moto lakini kingali na kaa jekundu nchani, kiliwaka upya, maana gesi iliyokuwa inatoka ilikuwa oksijeni. Povu lilipotulia tuliuchuja ule unga, tukaukausha, tukaupima tena, na darasa zima likashangaa kuona kwamba uzito ni ule ule, ukiondoa kiasi kilichonasa kwenye karatasi ya kuchujia. Tukautia kwenye dawa nyingine, ikafoka vile vile. Peroksaidi ile ingeoza yenyewe, ila ingechukua miezi; unga uliifungulia njia fupi, nao haukuliwa wala haukula. Hiyo ndiyo kazi ya kichocheo, na haibadiliki kwa sababu kimebuniwa kwa kompyuta.

Hapo ndipo linapoingia kosa la tatu, la nishati. Mzee mmoja kibandani aliuliza swali ambalo mwandishi wako alipaswa kuwauliza wataalamu wake: ikiwa moshi unaweza kuwa mafuta, na mafuta yakichomwa yanatoa moshi, si tutakuwa tunazunguka humo humo milele bila kuchimba kisima kingine? Hatuwezi, kwa sababu kaboni dayoksaidi ni majivu ya moto. Ni kaboni iliyokwisha kutoa joto lake pale ilipoungana na oksijeni, ndiyo maana imetulia, haiungui, na sisi huitumia katika mitungi ya kuzimia moto. Anayetaka majivu yarudi kuwa kuni ni lazima alipe joto lote lililokwisha kutoka, na juu yake alipe hasara za njiani. Kichocheo kizuri hupunguza hizo hasara za njiani. Deni lenyewe hakiligusi.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Kupata tani 1 ya methanoli kunataka angalau tani 1.375 za kaboni dayoksaidi na kilo 187.5 za haidrojeni. Namba hizo zinatoka moja kwa moja kwenye uzito wa atomu ambao kila mwanafunzi wa kemia anaujua. Haidrojeni isiyotokana na gesi asilia wala makaa ya mawe hupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme, na kila kilo yake hula takriban yuniti 50, yuniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Haidrojeni peke yake basi inataka yuniti 9,375, kabla hatujalipia kuikamata gesi, kuishindilia na kuitenga methanoli na maji. Tani hiyo ikichomwa inarudisha joto la yuniti 5,500 hivi. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi uliopangwa katika mkoa wetu ni wa megawati 49.5; tuseme unazunguka kwa nguvu zote usiku na mchana, na umeme wake wote unapelekwa kwenye haidrojeni hiyo huku sisi sote tukikaa gizani: ungepatikana umeme wa methanoli isiyofika tani 127 kwa siku, ambayo ingetumia tani 174 hivi za kaboni dayoksaidi. Dunia hutoa takriban tani bilioni 37 kwa mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Anayesema kwamba vichocheo hivi vitamaliza hewa ukaa ya dunia hajapiga hesabu, na anayetaka kuchemshia chai ni afadhali autumie umeme wenyewe.

Kwa nini basi watu wenye akili zao wahangaike? Kwa sababu methanoli si kitu cha kuchoma tu. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 100 za methanoli kila mwaka, karibu zote kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, nazo huingia kwenye gundi za mbao za plaiwudi, rangi, plastiki na dawa. Sisi wa Kigoma tuna sababu ya ziada ya kuijali: mafuta ya mawese yakichanganywa na methanoli, pamoja na kichocheo cha alkali, hutoa dizeli ya mimea na gliserini. Nchini Aisilandi, eneo la Svartsengi, kiwanda kilichopewa jina la George Olah, mshindi wa Nobeli ya kemia ya mwaka 1994, kilianza mwaka 2012 kutengeneza methanoli kwa kutumia kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini pamoja na mvuke wa kuzalishia umeme; uwezo wake baadaye ulifikia tani 4,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 kingine cha tani 110,000 kilianza Anyang, China. Hapa kwetu, wilayani Rungwe, kaboni dayoksaidi huvunwa ardhini na kupelekwa kwenye viwanda vya soda. Haya yote yangefaa kuwemo katika makala yako, kwani yanaonyesha kwamba kinachokosekana si gesi. Kinachokosekana ni umeme wa bei nafuu na kichocheo kinachoifanya kazi hiyo bila joto na mgandamizo mkubwa, bila kuharibika mapema.

Kichocheo kinachotumika viwandani tangu miaka ya 1960 ni cha shaba, zinki oksaidi na alumina, yaani oksaidi ya alumini. Kinafanya kazi kwenye nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi na mgandamizo wa mara 50 hadi 100 ya ule wa hewa tunayovuta. Ipo njia nyingine isiyohitaji joto hilo, ambayo ni kupitisha umeme katika maji yenye kaboni dayoksaidi, kichocheo kikiwa ndicho ncha hasi. Mjapani Yoshio Hori na wenzake walizijaribu metali moja moja kuanzia miaka ya 1980, na waliyoyaona bado ndiyo ramani ya fani hii. Dhahabu na fedha hutoa kaboni monoksaidi. Bati na risasi hutoa fomati, yaani chumvi ya asidi ya fomiki. Chuma, nikeli na platinamu huiacha kaboni dayoksaidi karibu yote na kutoa haidrojeni ya maji. Shaba peke yake ndiyo iliyotoa kwa wingi methani na ethilini, na ethilini ndiyo mama wa mifuko na mabomba ya plastiki.

Kwa nini shaba? Wasomaji wa mkoa huu watanielewa nikitumia mfano wa gati. Uso wa metali ni gati, na molekuli ni vyombo vinavyokuja kufunga kamba. Chombo kisipofunga kabisa, mzigo haushuki. Kikifunga na kugoma kuondoka, gati linajaa na vyombo vingine vinabaki vikielea majini. Kaboni dayoksaidi ikipokea elektroni hupoteza oksijeni moja na kuwa kaboni monoksaidi, na hapo ndipo tabia ya gati inapojulikana. Kwa dhahabu na fedha, kamba ni legevu: kaboni monoksaidi inafungua na kwenda zake kabla haijapokea chochote kingine. Kwa platinamu na nikeli, kamba ni kaza kaza: kaboni monoksaidi inaganda pale na kuziba nafasi. Shaba huishika kiasi cha kutosha kuipa haidrojeni moja, kisha nyingine, hata iwe kitu kingine. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepewa Nobeli mwaka 1912, aliliona jambo hili mapema, kwamba kichocheo bora hushika kwa kiasi, bila kulegeza wala kukaza.

Lakini shaba nayo ina ila zake. Inatoa mchanganyiko wa vitu vingi kwa pamoja, na inataka umeme wa ziada mwingi. Mwaka 2010 Andrew Peterson na Jens Nørskov walionyesha kwa hesabu kwamba hatua inayokula umeme zaidi ni ile ya kuipa kaboni monoksaidi haidrojeni yake ya kwanza. Ukitafuta metali inayokishika zaidi kile kinachozaliwa baada ya hatua hiyo, unakuta inaishika zaidi na kaboni monoksaidi yenyewe, kwa maana vyote viwili vinashika kwa mkono mmoja, yaani atomu ya kaboni. Metali moja pekee haikupi nafasi ya kukaza hiki na kulegeza kile. Aloi inaweza kukupa. Aloi ni mchanganyiko wa metali mbili au zaidi zilizoyeyushwa pamoja, kama shaba na zinki zinavyotoa ile metali ya manjano ya kufuli na koki za mabomba. Usoni mwake atomu za jamii mbili hukaa jirani, moja ikaishika kaboni na nyingine ikaivuta oksijeni, au moja ikabadilisha tabia ya elektroni za mwenzake. Ni gati lenye nguzo za namna mbili.

Sasa fikiria idadi. Ukichagua metali 40 tu ambazo zinaweza kutumika, jozi zake ni 780 na utatu wake ni 9,880. Kila jozi ina viwango vyake vya kuchanganya, kila mchanganyiko una nyuso tofauti kutegemea fuwele imekatika upande gani, na kila uso una mahali pengi pa kufunga kamba: juu ya atomu, kati ya atomu mbili, katika kishimo cha atomu tatu. Hakuna maabara duniani inayoweza kuyeyusha na kupima vyote hivyo. Kazi ya kompyuta inaanzia hapa na inaishia karibu na hapa, kwani inachofanya ni kuwaambia watu wa tanuri ni michanganyiko ipi michache inayostahili mkaa wao.

Inajuaje? Mwaka 1926 Erwin Schrödinger aliandika mlinganyo unaotawala mwenendo wa elektroni, lakini kipande cha shaba chenye atomu 12 tu kina elektroni 348, kila moja ikisukumana na zote nyingine, na mlinganyo huo haukokotoleki kwa ukamilifu. Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba si lazima kuifuatilia elektroni moja moja, bali inatosha kuujua msongamano wa elektroni katika kila sehemu, na mwaka uliofuata Kohn na Lu Sham wakatoa njia ya kuutafuta msongamano huo. Kohn alipewa Nobeli ya kemia mwaka 1998. Nikiwaeleza wazee hili niliwaonyesha ziwa. Usiku wa giza, ukisimama kwenye mwinuko wa mji wetu, humtambui mvuvi yeyote wala hujui nani yumo chombo gani; unaona taa tu, hapa zimesongamana, pale zimetawanyika. Hata hivyo mchuuzi wa dagaa mwenye uzoefu hukisia kutokana na mtawanyiko huo mzigo wa asubuhi utashukia wapi. Programu inapewa mahali pa kila atomu, inautafuta msongamano wa elektroni kwa kurudia rudia hesabu hadi utulie, kisha inatoa namba moja: molekuli hii imeushika uso huu kwa nguvu kiasi gani. Tangu mwaka 1995, Bjørk Hammer na Nørskov walipoonyesha kwamba nguvu hiyo inaendana na kimo cha wastani cha nishati ya elektroni za d katika metali, yaani kundi la elektroni linaloamua kwa sehemu kubwa jinsi metali inavyoshika molekuli, wabunifu wa aloi wamekuwa na kipimo cha kuanzia hata kabla hawajaweka molekuli yoyote.

Nitataja mifano miwili tu iliyotoka kwenye kompyuta ikafika kwenye maabara. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani na Denimaki walitangaza aloi ya nikeli na galiamu, yenye atomu 5 za nikeli kwa 3 za galiamu, waliyoitafuta kwanza kwa hesabu, kisha wakaitengeneza na kuona kwamba inatoa methanoli kutokana na kaboni dayoksaidi kwa mgandamizo wa kawaida. Mwaka 2020 watafiti wa Toronto na wa Carnegie Mellon walichukua fuwele 244 zenye shaba ndani yake. Mahali pa kufungia kamba palizidi 200,000, na badala ya kupakokotoa pote walikokotoa takriban 4,000, wakiifundisha mashine kubashiri palipobaki na kuiacha yenyewe ichague pa kukokotoa baadaye. Mashine ikaelekeza kidole kwa shaba na alumini. Aloi hiyo ilipotengenezwa, zaidi ya asilimia 80 ya umeme uliopita ulikwenda kwenye ethilini. Msomaji asikimbilie kuyeyusha nyaya na sufuria kuukuu, kwani siri haiko kwenye kuvichanganya vitu hivyo, iko kwenye mpangilio wa atomu usoni na vitundu vidogo mno ambavyo macho hayavioni. Lakini ukweli kwamba vitu viwili vya kawaida namna hii vilikuwepo siku zote, na hakuna aliyevijaribu kwa namna ile hadi hesabu iliposema, ndiyo habari ambayo ningeiweka kwenye kichwa cha makala kama ningekuwa mwandishi wako.

Ningeweka pia mipaka yake, maana makala yako haikuwa na mpaka hata mmoja. Hesabu hizi zina kosa la kawaida la takriban elektronivolti 0.1 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya elektroni), pengine zaidi. Linasikika dogo, ila kasi ya mmenyuko hupanda na kushuka kwa vipeo, na katika joto la kawaida la chumba kosa hilo peke yake linaweza kukupa kasi iliyokosewa mara 50 hivi. Ndiyo maana wataalamu huamini zaidi mpangilio wa aloi, ipi inaizidi ipi, kuliko namba ya aloi moja. Tena kompyuta huchora uso safi, uliopangika, usio na maji wala chumvi. Katika chombo halisi uso huo hupata kutu, atomu huhama, na sehemu ya gesi hugeuka kabonati kabla haijafika kwenye metali. Vichocheo vingi vya njia ya umeme vimepimwa kwa saa mamia, ilhali kiwanda kinataka miaka. Haya hayapunguzi heshima ya kazi. Yanaeleza kwa nini, miaka zaidi ya kumi tangu ile aloi ya nikeli na galiamu itangazwe, viwanda bado vinatumia jamii ile ile ya shaba na zinki.

Mhariri, kilichonisukuma kushika kalamu hasa ni sentensi ya mwisho ya makala, iliyosema kwamba utafiti huu ni wa mataifa tajiri na kazi yetu ni kungoja matokeo. Shaba inayozungumzwa inachimbwa ng'ambo ya ziwa letu, Katanga. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, jirani na mpaka wa mkoa huu. Mtu anaweza kusema madini bila maabara hayasaidii, nami nitakubali, kwani chombo cha kupimia nyuso za metali kinagharimu fedha ambazo shule zetu zote za mkoa zikichangishana hazitazifikia. Lakini sehemu hii ya kazi, sehemu ya hesabu, ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu asiye na fedha. Programu iitwayo Quantum ESPRESSO, iliyokuzwa mjini Trieste, Italia, haiuzwi, inapakuliwa bure. Mjini humo ndipo kilipo kituo ambacho Mpakistani Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, na tawi lake la Afrika Mashariki liko Kigali, ambako ni karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Shule ya Afrika ya kufundishia hesabu hizi ilianza Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, Kenya. Mwaka 2020 watafiti wa Carnegie Mellon pamoja na kampuni ya Facebook waliweka wazi kwa umma hesabu za zaidi ya milioni moja za molekuli zikitua juu ya nyuso za metali na aloi, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua.

Nasema haya kwa kuwa nimeyaona. Binti mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa yuko chuo kikuu, alikuja likizo mwaka jana na kompyuta mpakato aliyoazimwa na kaka yake. Aliniomba meza ya sebuleni kwangu kwa sababu kwao watoto ni wengi. Aliweka atomu 12 za shaba, tabaka tatu za atomu nne nne, akaweka juu yake molekuli moja ya kaboni monoksaidi, akabonyeza kitufe, na ile kompyuta ikaanza kuvuma kama kinu cha kusaga unga. Saa kumi alfajiri umeme ulikatika, na betri ya kompyuta ilikuwa imechoka siku nyingi. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa ameiagiza programu ihifadhi kila hatua, na umeme uliporudi saa tatu asubuhi akaendelea pale ilipoishia. Nyumba yangu haikupikiwa chai mezani siku mbili.

Matokeo yalipokuja, alinipigia simu, mimi nikiwa Kibirizi kununua samaki. "Shikamoo Mwalimu. Nimekosea." Kompyuta ilikuwa imemwambia kwamba kaboni monoksaidi hupendelea kukaa katika kishimo cha kati ya atomu tatu, wakati vitabu vinasema vipimo vya maabara vinaionyesha ikikaa juu ya atomu moja ya shaba. Alirudia hesabu mara mbili, akaongeza usahihi, jibu likawa lile lile. Tulitafuta pamoja, tukagundua kwamba hakukosea: ni udhaifu wa mbinu yenyewe, ambao Peter Feibelman na wenzake waliuandika mwaka 2001 kuhusu platinamu, na unaonekana kwenye shaba pia. Hesabu huilegezea molekuli elektroni kupita kiasi, ikaonekana inashika mahali isiposhika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ujiji, akiwa na kompyuta ya kuazima, alifika kwenye fumbo lile lile walilolifikia wakubwa wa fani, na akajua kwa macho yake mahali ambapo mashine haiaminiki. Mwandishi wako, aliyeandika kwamba kompyuta "imegundua" mafuta, angefaidika kukaa naye nusu saa.

Yuko kwangu tena likizo hii. Ameondoa atomu moja ya shaba katika tabaka la juu na kuweka ya alumini mahali pake, na hesabu hiyo, hadi naifunga barua hii, ilikuwa bado inaendelea mezani.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu wa kemia,
Ujiji, Kigoma.